Isale la Heriel

Kwenye simu iliyoegemezwa kwenye jora la kitenge, Jovin alikuwa anakufa kwa mara ya tatu asubuhi ile, na mkononi alikuwa amevaa saa.

"Kaka yangu hakuwa na saa," alisema Fortunata.

Jacqueline, binti aliyetengeneza filamu hiyo, aliisimamisha picha haraka. "Samahani, Mama Allan. Ni ya yule kijana anayemwigiza. Hatukuiona."

"Hata mkanda wa suruali aliazima. Saa angeitoa wapi?"

Binti aliandika kwenye daftari lake, ameinamisha kichwa. Alikuwa amekuja dukani hapo kutoka Rombo na wenzake wawili na kamera ya kuazima. Hakuwa na kampuni wala mfadhili. Waigizaji wake walikuwa wanakijiji, na walipigwa picha baada ya kulisha ng'ombe. Fortunata aliona viatu vyake vimeshonwa kwa uzi wa gunia, akamsogezea kikombe cha chai. Hasira yake haikuwa na deni na mtoto huyu.

Ilikuwa na deni na Heriel. Miaka arobaini iliyopita Heriel aliiba magunia mawili ya kahawa, na mbwa walipobweka akawahi kupiga yowe: "Mwizi! Ni Jovin!" Jovin, rafiki yake wa kuchunga naye mbuzi, alikuwa akipita zake njiani. Kijiji kizima kilimwangukia. Alikufa siku ya tatu, akiomba maji asiyoweza kuyameza. Tangu hapo mama yao aliitwa mama wa mwizi hadi alipozikwa. Kanisani alikaa benchi la mwisho, peke yake, isipokuwa jirani mmoja, Matilda, aliyeacha benchi lake la mbele kila Jumapili akaenda kukaa naye. Fortunata hakumsahau Matilda. Hakuwasahau pia wale ambao hawakuhama.

Mwaka jana Heriel alisimama mbele ya kijiji akasema ukweli wote. Filamu ilitokana na maneno yake, na sehemu ya uzee wake aliigiza mwenyewe. Lilibaki tukio la mwisho tu.

"Amekataa kumpa isale mwigizaji," alisema Jacqueline. "Anasema mtu wa kumpa ni mmoja, na anauza vitenge Kariakoo."

Isale ni mmea wa majani marefu ya kijani, unaopandwa mipakani na makaburini kwao. Mchaga akikujia na kitawi chake kuomba radhi, awe amekuulia mzazi au mtoto, hutakiwi kumfukuza. Fortunata alijua hilo kabla ya kujua kusoma. Alijua pia kwamba masale yalijaa kwenye mpaka wa shamba la akina Heriel, hatua ishirini kutoka kwa mama yake, na kwa miaka yote ile hakuna mkono uliovunja hata kitawi kimoja.

"Mlete Jumapili," alisema, kwa sauti ya upole kiasi kwamba binti alilengwalengwa na machozi.

Binti hakujua Fortunata anakusudia nini. Fortunata angelipokea isale mbele ya kamera, angelitupa chini, angelikanyaga. Watu waone. Wajukuu wa Heriel waone. Usiku wa Jumamosi alitoa kabatini makubadhi ya mama yake, yaliyokauka kama ganda la mti, akayapaka mafuta.

Jumapili baada ya misa ya kwanza mtaa ulikuwa umepoa, maduka mengi yamefungwa. Heriel alifika akiwa amevaa koti zito la baridi ya mlimani, jasho linamtiririka, kitawi amekishika kwa mikono miwili. Alikuwa amesinyaa, amekuwa mdogo. Hilo lilimuudhi Fortunata. Alikuwa amejiandaa kwa mtu mkubwa.

Kamera iliwashwa. Heriel alipiga magoti kwenye saruji ya kizingiti.

"Fortu..."

"Usiniite hivyo. Aliyeniita hivyo mlimuua."

"Nilimuua mimi," alisema Heriel. "Wengine walipiga, lakini mimi ndiye niliyewapa jina. Aliniita, Fortunata. Pale chini, aliniita nimsaidie. Alidhani nimekuja kumwokoa."

Hayo hayakuwa kwenye filamu. Hayakuwa popote. Fortunata alikinyakua kitawi, akakibwaga chini, akakikanyaga kwa kubadhi la mama yake.

"Mama yangu alikungoja miaka kumi na tisa," alisema. "Hatua ishirini, Heriel! Ulishindwa hatua ishirini, jana ukapanda basi kutwa nzima. Rudi nalo. Likapandwe kwenye kaburi lako."

"Miguu! Miguu hiyo! Mzigo unakuja, mtakatwa visigino msingizie mizimu!"

Alikuwa Fikirini, msukuma mkokoteni, anapita na mabeseni yamefungwa hadi kumzidi kimo. Jacqueline alivua vidude vya masikioni, uso umempauka.

"Sauti imeharibika," alisema. "Mzee, Mama Allan, naombeni... tutarudia. Vilevile tu."

Na Heriel akainama, akakiokota kitawi, akakipangusa vumbi kwa mkono wa koti, akajiweka tena tayari kwenye saruji.

Fikirini alikuwa amesimamisha mkokoteni. Alichomoa gunia kwenye mzigo wake, akalikunja mara nne, akalitandika chini ya magoti ya mzee. "Saruji inakula mifupa hiyo, babu," alisema, akaenda zake akipiga kelele. Hakuuliza mzee amefanya nini.

Fortunata aliliangalia lile gunia. Maneno yake yalikuwa bado yapo, yote, angeweza kuyasema hata mara kumi, na huyu mzee angepiga magoti mara kumi. Alimkumbuka Matilda akibeba kitabu chake cha nyimbo kwenda nyuma ya kanisa. Hata yeye hakuuliza.

"Zima hiyo kitu," alimwambia Jacqueline.

"Lakini Mama..."

"Isale halitolewi mara mbili, mwanangu. Hujafundishwa? Zima."

Binti alizima. Filamu yake ingebaki bila mwisho, naye aliifungasha kamera. Fortunata alimnyang'anya Heriel kitawi. Jani moja lilikuwa limepasuka. Kikonyo kilikuwa kizima.

"Sijakusamehe," alisema.

"Najua."

"Vua hilo koti, utazimia mlangoni kwangu watu waseme nimekuua."

Alivua. Alikunywa maji aliyopewa, glasi mbili, kisha akaondoka kufuata kituo cha basi, na Fortunata hakumsindikiza.

Kitawi alikitia kwenye chupa ya maji, juu ya kaunta, karibu na mkasi. Wateja wakiuliza, husema ni pambo. Lakini kila asubuhi, kabla hajafungua duka, huketi mbele ya kitawi hicho, makubadhi ya mama yake miguuni.

"Kauka basi," hukiambia. "Kauka."

Kisha humwaga maji ya jana, akakitilia mengine.