Makopo ya pilipili

Dalali alinionyesha vyumba vya kupangisha vinavyouzwa, vilivyong'aa rangi mpya, nami, mgeni wa biashara hiyo, nikaanza kuchekelea. Shangazi, aliyenisindikiza, akanivuta mkono: "Twende tukaone na vile vibovu alivyovitaja."

Nilinuna njia nzima. Tulikuta kuta zimebabuka, lakini kila mlango ulikuwa na pilipili imepandwa kwenye kopo.

"Hawa hawana mpango wa kuhama," shangazi akasema. "Kule kwenye rangi uliona hata kopo moja?"

Nikavinunua vile vibovu shingo upande. Miaka imepita, wapangaji ni walewale, na watoto wangu wanasoma kwa kodi yao. Kila nikimshukuru, shangazi hucheka tu.

Juzi, kwa mara ya kwanza, chumba cha mwishoni kilibaki wazi. Jana shangazi alihamia, kopo lake mkononi.