Lado Pitia Watatu

Teresina aliitupa karatasi ya waliogawiwa viwanja, iliyotoka Khartoum. Ikateleza juu ya meza mpaka kwenye kiwiko cha Lukudu, mkuu wake.

"Kaka yangu yuko wapi?"

Lukudu alionyesha kwa kidole: Lado Pitia, kiwanja, mtaa wa Malakia. Teresina akamwambia alitoboa kadi za kina Lado Pitia watatu, kwa mikono yake. Huyu mmoja ni yupi? Lukudu hakujua.

Lakini kosa hakuliona. Alieleza kwa fahari kwamba mashine ya Khartoum inayosoma kadi imepata toleo jipya la lugha inayoiamuru kazi. Majina marefu hayakatwi tena. Na zamani, ikikuta kadi mbili zinazofanana, ilikuwa inasimama, kazi inalala mpaka mtu aje aangalie. Kasoro hiyo imerekebishwa. Sasa inabakiza moja, nyingine inaitupa, inaendelea.

"Bila kuuliza?"

"Imuulize nani, dada?"

Teresina aliikunja karatasi. Wabari, kabila lao, huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa. Kina Lado wamejaa mji mzima. Nao waliporudi kutoka ukimbizini Uganda, karani aliyewapokea kituoni Nesitu hakutaka kusikia mtu alizaliwa mvua ipi wala mavuno yapi. Asiyejua siku yake aliandikiwa Januari mosi, 1940. Kule kusimama kwa mashine ndiko kulikokuwa kukiwaokoa.

Alitoka nje. Kina Lado Pitia watatu walikuwa wakingoja ukutani. Alipowaeleza, wawili walicheka. Mmoja akasema basi waoe mke mmoja. Kaka yake hakucheka. Tangu warudi alikuwa akilala na wanawe kwenye baraza ya shemeji.

"Sasa mimi iko wapi?"

"Sijui. Wawili kati yenu mmetupwa. Na lile toleo la zamani wamelifuta. Nipeni siku za kuzaliwa, zozote, kila mtu yake. Kadi mpya zinaondoka na ndege ya mchana."

Wa kwanza alitaka Krismasi. Wa pili akachagua siku amani ilipotiwa sahihi. Kaka yake akataja tarehe ambayo baba yao alipigwa risasi mtoni.

"Hiyo hapana," alisema Teresina.

"Hiyo ndiyo naijua, dada."

Aliketi kwenye mashine ya kutobolea. Alipofika kwenye tarehe ya kaka yake alibonyeza kwa nguvu hata meza ikatikisika, na vipande vya karatasi, vidogo kama ufuta, vikamwagika miguuni pake. Hakuvifagia.