Ubao Uliokunywa Vitabu

Jumatatu ya wiki aliyotakiwa kusafiri, Mwalimu Mudathir alikwenda kwa wauza samaki wa Kunduchi kuazima mizani, akaitundika kwenye mlango wa uani na kuanza kupima vitabu vyake. Tiketi ya ndege iliruhusu kilo ishirini. Vitabu, vikipimwa kwa mafungu ndani ya kapu, vilifika kilo sitini na moja, na hapo hajaweka hata shati moja. Mkewe Farida alikuwa amekaa kwenye mbuzi anakuna nazi, akimsomea namba za mizani kila alipoinua kapu, kwa sababu macho ya mwalimu yalikwisha kuchoka.

"Kamusi ya Kiingereza peke yake kilo mbili u nusu," Farida alisema. "Na sasa inanuka samaki changu."

Ulikuwa mwaka 1991, miaka ya ruksa, biashara zilipoachiwa huru. Duka alikonunua vingi vya vitabu vile lilikuwa sasa linauza viatu vya mtumba, na walimu wenzake watatu walikwisha kukimbilia Botswana, ambako ilisemekana mshahara wa mwalimu unafika mwisho wa mwezi ukiwa hai. Mudathir naye alipata mkataba wa miaka mitatu katika shule moja ya huko. Alimwambia mkewe kwamba shule ile haichukui familia, mtu anakwenda peke yake, ndiyo sheria yao. Farida alilia siku mbili, ya tatu akajikaza kisabuni, akaanza kupiga pasi.

Lililowagombanisha lilikuwa shauri la vitabu. Mudathir alitaka kwenda navyo vyote. Farida alitaka achukue vinne tu, vile avipendavyo kuliko vingine, na vilivyobaki vikae rafuni. Sababu yake hakuificha: mtu aliyeacha vitabu vyake nyumbani atarudi kuvifuata. Alimjua mumewe. Walikutana darasa la elimu ya watu wazima pale Mtongani, yeye msichana wa miaka kumi na tisa aliyejua herufi za Kiarabu tu, na mwalimu kijana ambaye aliwahi kurudi darasani na mvua yote kwa ajili ya kitabu kimoja alichosahau juu ya dawati.

"Vinne vitanitosha wiki mbili," Mudathir alisema. "Kule sitakuwa na mtu wa kuzungumza naye, mama Rukaiya. Hivi ndivyo vitakavyokuwa watu wangu."

"Na sie?"

"Nyie mtakuwa hapa," alijibu, akaendelea kupima.

Jumanne asubuhi jirani yao Albano, mchonga vinyago kutoka Newala, alileta ubao. Ulikuwa wa mninga, saizi ya ule wa watoto wa chuo cha Kurani, una mpini chini na tundu la kupitishia kamba. Waliupima: kilo moja na robo. Albano alieleza matumizi yake kama mtu anayemwelekeza mwenzake kuwasha jiko la mchina.

"Unalaza kitabu juu yake tangu alasiri mpaka magharibi. Unakinywa. Ukitaka kusoma, pangusa kwa kiganja, ukurasa unakuja. Ukitaka unaofuata, pangusa tena."

"Na uzito?" Mudathir aliuliza.

"Huohuo. Hata unywe vitabu mia. Ila uuanike saa moja kila asubuhi. Ukikosa jua siku tatu, maandishi yanafifia."

Mudathir alisema Botswana jua si tatizo. Albano aliongeza kuwa alikwisha kumchongea padri mmoja aliyehamishiwa Songea, na mpaka leo padri anausoma, ila analalamika kwamba hawezi kumwazima mtu kitabu kimoja bila kumwazima vyote.

"Karatasi inabaki vipi?" Farida aliuliza.

"Nyeupe. Karatasi nzuri tu, mama Rukaiya. Watoto watafanyia hesabu."

Ikawa hivyo. Vitabu vilinywewa mafungu kwa mafungu, siku ya kwanza historia na riwaya, ya pili mashairi, sarufi na jiografia. Rukaiya na mdogo wake Kondo walifanyia hesabu za kugawanya katika kurasa zilizokuwa za vita vya zamani, na kurasa zilizozidi akapewa muuza karanga wa barabarani, ambaye alizisifu kwa usafi. Majirani walipita kuutazama ubao. Mmoja alisema hauna harufu ya kitabu. Mwalimu mmoja wa shule ya Mudathir alisema yeye ni mtu wa karatasi mpaka kaburini, kwa sababu karatasi haihitaji kuanikwa. Wengine waliuliza Albano anachukua muda gani kuchonga mmoja. Farida aliona rafu ikibaki tupu, roho ikamuuma kuliko alivyotegemea, kwa sababu hakikubaki kitu humo ndani ambacho mwanamume yule angekifuata.

Alhamisi zamu ilikuwa ya kamusi. Mudathir aliilaza juu ya ubao harakaharaka, akaenda kuaga ndugu zake wa Bunju. Ubao ukainywa kamusi pamoja na kila kilichokuwa kimefichwa ndani yake.

Ijumaa Mudathir alikwenda msikitini. Farida alikuwa anafagia uani alipoukuta ubao juu ya kigoda, umeanikwa, una vumbi na magamba mawili ya samaki, na maandishi yamejaa pande zote mbili. Farida alikuwa binti wa marehemu Maalim Shomari, aliyesomesha watoto Mbweni miaka thelathini. Tangu ana miaka saba, kazi yake ilikuwa kuosha mbao za wanafunzi. Katika nyumba ya baba yake, ubao ukishasomwa haukai na maandishi ya jana, na maji yaliyouosha hayamwagwi mahali pa kukanyagwa. Humwagwa penye shina la mti, au hunywewa, kama mgonjwa anavyokunywa kombe, maji ya aya zilizooshwa.

Mkono ulitangulia kichwa. Alipozinduka, ubao ulikuwa mtupu, na bakuli limejaa maji meusi. Akatazama huku na huku. Uani hapakuwa na mti, wala pembe ambayo mguu wa mtu haupiti. Alijua fika amefanya nini, akajua vilevile kwamba maji yale hayawezi kumwagwa, hivyo akapiga bismillahi na kuyanywa yote. Yalikuwa na ladha ya wino, na mbali kidogo, ya changu.

Jiografia ndiyo iliyotangulia. Alikuwa anachambua mchicha alipojikuta anajua kina cha Ziwa Tanganyika. Zikafuata riwaya, moja ikiwa na mwisho usiomfurahisha, kisha sarufi, kisha mashairi ambayo mumewe aliwahi kumsomea kabla hawajaoana na kwa muda mrefu alidhani ameyatunga mwenyewe. Farida aliendelea na mchicha. Hapo ndipo yakaja maneno ya Kiingereza, yenye namba, nayo hayakuwa ya kitabu chochote. Farida hakuwa anajua Kiingereza, lakini kamusi nayo alikuwa ameinywa, basi aliyatafuta maneno yale moja baada ya jingine mpaka yakakaa sawa.

Ulikuwa mkataba wa Mudathir. Kipengele cha nne kilisema hivi: mwalimu mwenye mke atapewa nyumba ya vyumba vitatu, na shule itagharimia safari ya mke na watoto wasiozidi wanne. Chini yake palikuwa na mstari wa kujazwa kwa mkono, na mkono ulikuwa wa Mudathir, Farida angeutambua hata gizani kwa sababu ndio uliomfundisha kuandika. Mstari ulisema: Mwalimu ametamka kuwa hana mke wala watoto.

Farida akakaa chini. Walikuwa na watoto wawili. Alihesabu kwa vidole, kama mtu asiyeamini, akaona kwamba hata wangezaa wengine wawili bado wangeenea.

Mudathir alirudi kutoka msikitini akakuta ubao mtupu. Hakupiga kelele. Alimtazama mkewe, akalitazama bakuli.

"Umeyanywa?"

"Nimeyanywa."

"Yote?"

"Mpaka kipengele cha nne," Farida alisema.

Mwalimu aliingia ndani mbio. Akatoka na kamusi, kurasa zake zote nyeupe, na katikati karatasi mbili nyeupe zilizokunjwa, zilizobaki na alama za mikunjo tu. Akajibwaga kwenye ngazi ya mlango. Bila karatasi zile asingevuka uwanja wa ndege wa upande wowote.

"Ulisema hawachukui familia," Farida alisema.

"Mama Rukaiya..."

"Vyumba vitatu, baba Rukaiya. Na tiketi."

"Nimechoka," Mudathir alisema. "Nimefundisha miaka kumi na sita watoto sitini darasa moja. Nilitaka niwe mtu mmoja tu, kidogo. Nilipanga nikifika nibadilishe."

Farida alijua ni uongo, na alijua kwamba yeye Mudathir hajui kuwa ni uongo, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akamtuma Kondo amwite Albano.

Albano alisimama mlangoni na patasi mkononi, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa habari ya maji, kama fundi anayesikia mteja ameacha kiti mvuani. "Yanarudi," alisema. "Aliyeyanywa aishike karatasi yenyewe, ayasome kwa sauti. Yatatoka yarudi yalikokuwa. Lakini asome yote kama yalivyoandikwa. Akiruka neno, au akibadili, hayarudi hata moja." Kisha akasema ana kinyago kinamngoja, akaenda zake.

"Na vitabu?" Mudathir aliuliza.

"Karatasi za vitabu zimefungia karanga," Farida alimjibu.

Wakabaki wawili uani. Miezi mitatu Farida alikuwa akiomba asikie maneno haya tu, na sasa mumewe aliyasema, amejiinamia: "Usiposoma, mie siendi tena." Farida aliyangojea maneno yale yamfurahishe, hayakumfurahisha. Angekaa kimya tu, na mwanamume huyu angekuwa wake, angekula hapa, angelala hapa, angezeeka hapa akiitazama barabara ya Bagamoyo. Lakini alimtaka mume aliyebaki kwa ajili yake, na huyu angebaki kwa ajili ya karatasi. Alimpenda bado. Hilo alilijua wazi, na lilimtia hasira.

Akafuta mikono kwa kanga, akaichukua karatasi, akaiweka mapajani.

Alisoma kwa Kiingereza safi, taratibu, kama alivyofundishwa kusoma. Kipengele cha kwanza kikarudi mahali pake, herufi baada ya herufi. Cha pili kikarudi, na cha tatu. Rukaiya alikuja kusimama nyuma ya mama yake kutazama, Farida akamwambia aende akamchotee maji, akangoja mpaka mtoto ametoka. Mudathir aliinamisha uso. Farida akakisoma cha nne. Alipofika kwenye mstari ulioandikwa kwa mkono alitamka neno kwa neno kwamba mwalimu hana mke wala watoto. Hakuruka kitu. Wino ukatulia kwenye karatasi, na mwandiko ulikuwa uleule. Alipomaliza ukurasa wa pili maneno yale yalikuwa yamekwisha kumtoka tumboni, ila alikuwa ameshayaelewa, na kuelewa hakukutoka.

Jumamosi asubuhi Mudathir aliondoka na kilo kumi na nane za nguo, na ubao mtupu aliouchukua hivyohivyo.

Barua ya kwanza ilifika baada ya wiki saba. Kule jua lilikuwa kali, nyumba ilikuwa nzuri, upweke ulikuwa mkubwa. Ubao aliuanika kila asubuhi, haukuleta kitu. Je, Farida angeweza kumwandikia sura ya kwanza ya ile riwaya ya mpelelezi? Farida aliiandika katika daftari la Kondo, usiku na mchana, na kazi haikumsumbua kwani sura ilitoka yenyewe, na ilipokwisha kuandikwa hakuikumbuka tena. Akaipeleka posta. Barua ya pili iliomba mashairi. Aliyaandika, nayo yakamtoka, hata lile alilodhani limetungwa kwa ajili yake. Mtaani watu walizoea kumkuta barazani na kalamu, na walimu wa shule ya jirani walikuwa wakija kumuuliza kina cha ziwa hili au mwaka wa vita ile kabla hajaituma jiografia au historia.

Fedha zilikuja, hazikukosekana. Rukaiya alishonewa sare mpya. Juu ya kurudi, barua hazikusema kitu, na Farida hakuuliza.

Barua ya tano ilikuwa fupi. Mudathir aliomba sura tatu za sarufi, kwa kuwa alikuwa ameanza kuandaa mitihani. Akaeleza kwamba barua za walimu hupitia ofisini, karani huzifungua, na watu wa kule wanapenda kuuliza maswali. Basi akamwomba Farida, kama haitamuwia vibaya, awe anaandika kama dada yake. Mwishoni aliwasalimia watoto.

Farida aliisoma mara moja. Alikwenda kuosha mikono, akarudi barazani, akaandika sura zote tatu za sarufi, kurasa kumi na tisa, bila kosa. Chini yake akaandika: Sisi hatujambo. Wapwa zako wanakusalimia, wanauliza mjomba anarudi lini. Ni mimi dada yako, Farida.

Akaikunja barua, akaitia gundi, akamwita Kondo aipeleke posta kabla hawajafunga.