Penseli ya Jumbe Zenon

Bertilla alipiga magoti mlangoni mwa baraza, akapiga makofi polepole mara tatu, macho chini, kumwamkia mshtakiwa wake. Mimi mkalimani nilimwona. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya aliyesikiliza kesi, naye alimwona, akaacha kuandika.

Ilikuwa Sumbawanga, mwaka 1944. Wanaume walipelekwa kwa lazima kwenye mashamba ya mkonge kwa sababu ya vita, na kule Msanzi mwenye kuandika majina alikuwa Jumbe Zenon. Bertilla alidai kwamba Zenon alimwingilia bila ridhaa yake, mumewe akiwa amekwenda kulima shamba lao.

Mimi kushuku nimezaliwa nako. Baba, mwenye duka, alinizoeza kutia mkono mpaka chini ya gunia la ulezi kabla sijasema ni zuri. Basi na mama huyu nikamshuku vivyo hivyo. Mbona kaniki yake haikuchanika? Mbona majirani hawakusikia kelele? Nikajiambia, hapa pana jambo.

"Alikupiga?" Bwana Shauri aliuliza, nami nikamfasiria kwa Kifipa.

"Hapana."

"Alishika silaha?"

"Alishika penseli."

Watu wakacheka. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka.

"Alikaa kitandani kwangu," Bertilla akaendelea, "akafungua daftari. Akasema, 'Kornel mumeo nimwandike, au nimwache?' Kisha akaweka penseli sikioni, akangoja."

Lo! Kicheko kilinikauka. Nilipogeuka, Zenon hakuwa akimtazama Bertilla. Alinitazama mimi. Hamidi, mdogo wangu, alikuwa akiuza katika duka letu la Msanzi, na wiki ile Zenon alipita kumuuliza umri wake. Nilidhani ni maongezi tu.

Bwana Shauri akasema sheria inataka nguvu, au kitisho cha kuumiza mwili, na daftari si panga. Lakini alisita. Akanigeukia.

"Wewe unawajua watu hawa. Pale mlangoni alipiga magoti kwa nini?"

Nilijua vizuri. Mwanamke wa Kifipa humpigia magoti mkubwa hata kama mkubwa huyo amemchomea nyumba. Lakini wahenga walisema mwenye nguvu mpishe, nami nikampisha.

"Bwana, humpigia magoti mtu waliyeridhiana naye."

Kesi ikafutwa. Mwezi uliofuata Kornel aliandikwa, akaenda kwenye mkonge, na hakurudi. Hamidi alibaki dukani, akaoa, akanenepa. Kila nilipomwona anacheka nilikasirika, na yeye hakujua kwa nini.

Miaka sita baadaye nilikutana na Bertilla kwenye njia ya Mazwi, kikapu cha ulezi kichwani. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu miaka yote hiyo. Kabla sijafungua mdomo akatua kikapu, akapiga magoti vumbini, akapiga makofi polepole mara tatu, macho chini.

"Inuka, mama," nilimwambia. "Tafadhali, inuka."

Hakuinuka mpaka nilipopita.