Firigisi ya Mgeni

Ukiwauliza watu wana mali gani hapa Nairobi, mmoja atakutajia redio, mwingine baiskeli. Khalayi alikuwa akitaja kuku wake, wala hakuwa akifanya mzaha. Siku alipopanda gari la moshi Bungoma kuja kwa mumewe, mamake mzazi alimtilia kikapuni mtetea mmoja, amefungwa miguu kwa ukindu. Mtetea akataga, akaangua, wanawe nao wakaangua, hata mwaka ule wa sabini na saba, kahawa ilipopanda bei na kila mtu akawa na lake la kununua, uani mwa Khalayi kule Maringo mlikuwa na kuku wa kila rangi, na wote damu moja. Mama alikuwa amekwisha kufa. Mumewe Shitanda naye alikuwa amekwisha kufa. Waliobaki kumjua tangu usichana wake walikuwa kuku.

Ng'ambo ya ua wa miiba ya kaiyaba alikaa Ngigi, baba yake Waringa, mfanyakazi wa kiwanda cha mablanketi, mtu wa maneno mengi na kicheko cha kusikika nyumba ya tatu. Jumatano moja alisimama mlangoni pa Khalayi, mama yake Nabwire, kuku wawili wananing'inia mkononi, vichwa chini.

"Mama Nabwire, nisaidie. Niwekee hizi kuku na zako mpaka Jumapili. Nina mgeni, nyapara wangu, Mzee Andati. Ni mtu wenu huyo."

"Umewatoa wapi?"

"Njiru."

"Mbona huyu mweupe anasinzia?"

"Nimemshika kichwa chini tangu huko. Hata wewe ungesinzia."

Khalayi akacheka. Ndiyo, alicheka, akawafungua kamba na kuwatia bandani mwake kwa mkono wake mwenyewe. Jirani akikuomba banda, humwombi cheti cha daktari.

Kitendawili: ana mbawa lakini haruki, ana kucha lakini haonekani, huingia bandani na mlango umefungwa. Jibu Khalayi alilipata kabla Jumapili haijafika. Kwanza yule mweupe aliinamisha kichwa, akaachama mdomo kutafuta pumzi. Kisha kinyesi cha kijani kikaonekana chini ya kila kijiti cha kulalia. Kisha jogoo mkubwa, yule mwenye shingo ya moto, akapindwa shingo hata akawa anatazama mgongo wake mwenyewe, akizunguka mahali pamoja kama mlevi anayetafuta mlango. Kideri.

Khalayi alijua kideri, tauni ya kuku, hakina dawa, ila mkono wa mfugaji hauwezi kukaa bure. Aliwatenga waliokuwa bado wanasimama. Akawanywesha maji ya mshubiri, akaponda pilipili, akamwaga majivu bandani. Wanawake wa mtaa wakamshauri awachinje upesi wale wazima kidogo awapeleke sokoni Majengo, huko wangeliwa jioni hiyo hiyo na hakuna ambaye angejua.

"Nipeleke msiba katika banda la mwingine?" akauliza. "Nitazika."

Akazika. Waliochimba ni yeye na Waithera, mke wa Ngigi, mtu wa haya, aliyekuja na jembe lake bila kuitwa na hakusema neno ila "pole" kila shimo lilipofunikwa. Kuku wawili wa Ngigi nao wakaingia shimoni. Alipona mmoja tu, Madoa, ambaye gurudumu la mkokoteni lilikuwa limemvunja mguu kabla ya hayo, na Khalayi alikuwa amemfunga vipande viwili vya mwanzi kwa utepe wa leso kuukuu na kumlaza jikoni, mbali na wenzake. Mguu mbovu ndio uliomwokoa. Kila alipotaka kumlisha, Khalayi alinawa mikono kwa sabuni na majivu na kuvua viatu mlangoni, kama anaingia msikitini.

Jioni ya maziko alikuwa akifagia karibu na ua aliposikia Ngigi akiongea upande wa pili na Matheka, fundi wa viatu.

"Lakini Ngigi, huko Njiru si ulikuta kuku zinakufa?"

"Ungedhani niliuziwa bei ya bure kwa nini? Yule mzee alikuwa anazika zingine nikimtazama."

"Na hukumwambia mama wa watu?"

"Ningemwambia angekataa kuziweka. Na mimi sina banda. Ningelala nazo kitandani?" Kikaja kicheko. "Kuku ni nini, Matheka? Hawa Waluhya na kuku, ingokho yao bwana, watalilia kuku mpaka waite mchungaji."

Khalayi alisimama na fagio mkononi. Hakupiga kelele, hakurusha jiwe. Aliingia jikoni, akamchukua Madoa mapajani, akamkaza utepe wa mguu.

"Alijua," akamwambia. "Alijua, akanyamaza. Sawa. Mdomo hata mimi ninao, na kuufunga naweza."

Hakujua bado atanyamazia nini. Lakini kuanzia siku hiyo alimsalimu Ngigi vizuri kuliko zamani. Habari ya kazi, baba Waringa. Umeshindaje, baba Waringa. Ngigi akadhani mama amesahau. Masikini, hakujua kwamba paka anayetaka kukamata panya hakanyagi majani makavu.

Mgeni hakuja Jumapili ile, alikuwa amekwenda kwao kwenye matanga. Siku aliyopanga kuja tena, Waithera alibisha mlango wa Khalayi asubuhi, kabeba jogoo aliyekwisha kunyonyolewa katika karai.

"Mama Nabwire, nimekuja unifundishe. Kwetu Murang'a sikukua nikipika kuku. Nyanya yangu hata alikuwa hamli. Baba Waringa anasema mwisho wa mwezi nyapara atachagua msaidizi, na Mluhya haridhiki ila kwa kuku."

"Amesema kweli," Khalayi akajibu. "Twende kwako, kuku apikwe katika moto wa nyumba yake."

Akamfundisha, wala hakumficha kitu katika mapishi. Akamwonyesha kumpitisha jogoo juu ya makaa, vinyoya vya mwisho viungue na ngozi itoe ile harufu. Akamwonyesha kumkata kwa kufuata viungo, kwa maana kuku wa mgeni havunjwi mifupa kama kuni. Achemke taratibu, kitunguu na nyanya baadaye, supu iwekwe kando, ugali uchanganywe na wimbi. Ngigi alijua kwamba Waluhya hupenda kuku. Huo ndio wimbo. Kiitikio hakukijua.

Waithera akapasua matumbo, akatoa kitu cha mviringo, akakisafisha mchanga na kubandua ngozi ya manjano. "Na hii firigisi?"

Kinu changu chasaga mawe wala hakina mchi. Mtoto yeyote wa kwao Khalayi ukimtegea hicho atajibu kabla hujamaliza: imondo, firigisi. Na atakuambia zaidi. Firigisi hailiwi na mtoto. Hailiwi na mwanamke, asilani. Ni ya mwenye mji, na akija mgeni wa heshima, mwenye mji humsogezea yeye. Kuku akiletwa mezani bila firigisi ni sawa na kumwita mtu kwako kisha ukamwacha amesimama mlangoni. Wake wamerudishwa kwao kwa sababu ya kipande hicho kisichojaa kiganja.

Khalayi aliitazama ile firigisi. Akautazama na mkono ulioishika, ule ule uliochimba naye mashimo. Akafungua mdomo aseme.

Hapo sebuleni Ngigi akacheka. Alikuwa peke yake, akisogeza viti, anacheka tu, kama mtu aliyekwisha kupandishwa cheo.

"Kwenu vitu kama hivi mnampa nani?" Khalayi akauliza.

"Watoto. Hata mbuzi akichinjwa, figo ni za wasichana wadogo."

"Haya." Khalayi akachukua mwiko, akakoroga mchuzi. "Kila nyumba na desturi yake."

Hapo pana uongo? Hapana. Firigisi ikachomwa juu ya makaa, ikatiwa chumvi, na Waringa akaila amejiegemeza kwenye mwimo wa mlango, anatafuna polepole kwa kuwa ni ngumu. Khalayi aliyatazama mataya yale mpaka kipande cha mwisho kikashuka.

Mzee Andati alifika amevaa koti na kofia, mtu mnene, mtaratibu. Khalayi alibaki jikoni, pazia likiwa limefunuka kidogo. Mgeni akanawa, akaomba, akavuta bakuli. Kidole chake kikageuza paja, kikageuza bawa, mgongo, shingo. Kikarudi kugeuza tena.

"Ngigi."

"Naam, mzee."

"Jogoo huyu alikuwa na tumbo?"

"Tumbo kubwa, mzee. Ni jogoo wa Majengo huyo."

"Na cha tumboni kiko wapi?"

"Firigisi?" Ngigi akacheka. "Hiyo takataka amepewa mtoto. Waringa, njoo usalimie mzee."

Waringa akaja na gauni lake la Jumapili, midomo inang'aa mafuta. Andati akamtazama kitambo.

"Msichana," akasema.

"Ndiyo, mzee. Kifungua mimba changu."

Andati akakata tonge moja la ugali, akalichovya katika chumvi, akala, akanawa mikono.

"Nimeshiba."

"Mzee, hujagusa nyama."

"Nilishiba tangu nilipoketi."

Akachukua kofia. Alipopita mlango wa jikoni alimwona Khalayi, akamwamkia kwa lugha ya kwao, kisha akauliza, "Nawe ulikuwapo?"

"Nilikuwa mpishi tu, baba. Nyumba si yangu."

Usiku ule Khalayi alilala usingizi ambao hakuwa ameulala tangu kideri kiingie.

Kiwandani, Andati akaacha kuitikia salamu za Ngigi. Akamwondoa kwenye mashine, akamtuma kwenye mapipa ya rangi, na watu wakaanza kunong'ona jina jingine la msaidizi. Mmoja akamhurumia Ngigi, akamweleza kosa lake ni nini. Jioni hiyo Waithera alikuja kwa Khalayi, asiketi.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza."

"Nilijifunza kwa jirani." Khalayi akamsimulia maneno ya Njiru, yote, hadi kile kicheko. Waithera hakuwa amesikia hata moja. Akaketi sasa, kwenye kigoda.

"Lakini mimi nilichimba nawe, mama."

"Ulichimba. Kwa ajili yako nilifungua mdomo mle jikoni. Kisha nikamsikia mumeo."

Waithera akaondoka bila kuaga. Hilo lilimuuma Khalayi, wala hakujidanganya kwamba halikumuuma. Lakini alipopima, lile la kuku lilikuwa bado zito zaidi.

Jumamosi Ngigi akaja mwenyewe. Hakuwa na kicheko.

"Mama Nabwire, mwambie Mzee Andati sikujua. Wewe ni wa kwao, atakusikia. Niambie tu unataka nini."

Khalayi alimwacha amesimama mpaka alipomaliza kuchambua maharage. Kisha akainuka, akaleta jembe dogo, karai, ndoo ya maji ya moto na mfuko wa chokaa.

"Kideri hukaa kwenye mavi," akamwambia. "Banda halirudishwi kuku mpaka likwanguliwe lote, lioshwe, lipakwe chokaa. Mlango wake ni mfupi. Utaingia kwa magoti."

"Mimi?"

"Yupo mwingine aliyewaleta?"

Ngigi akatazama huku na huku. Matheka alikuwa ameinuka kwenye viatu vyake, na wanawake wawili waliokuwa wakianika nguo walikuwa wameacha kuanika. Akavua koti. Akaingia kwa magoti.

Khalayi akaleta kigoda, akaketi mkabala na mlango wa banda. Alimsikia akikwangua, akikohoa vumbi, akitema. Mgongo wa shati ulikwisha kulowa jasho. Baada ya muda kichwa kikajitokeza, nywele zimejaa manyoya.

"Basi utaenda kumwona Jumatatu?"

Khalayi alikuwa hajaamua. Wala hakuwa na haraka.

"Kona ile ya nyuma," akasema, "umeiruka."