Kinywa cha Shangazi Tabita

Kikohozi cha baba mkwe kilipofika kibarazani, Atupele alijifunika khanga kichwani na kujitupa nyuma ya pazia lililogawa chumba chake cha kupanga, hapo Tunduma. Kwao Ileje, mkwe wa kike hamtazami baba wa mumewe usoni, wala hamsemeshi. Neno likiwepo, hupitia kwa mtu mwingine. Siku hiyo mtu huyo alikuwa shangazi Tabita, dada wa mzee, na neno lenyewe lilikuwa Witness, mtoto wa Atupele.

Mzee Lusubilo alitoka kijijini Ikinga alfajiri kuja kumchukua mjukuu wake. Edson, mwanawe, alimwacha Atupele na mtoto akavuka kwenda Zambia kutafuta maisha, akayapata pamoja na mke mwingine.

"Tabita, mwambie," mzee alisema, uso kaugeuzia ukutani, "mtoto amekonda. Kwetu kuna maziwa, kuna ndizi. Hapa kuna nini? Vumbi la malori."

Maneno yalimchoma Atupele kwa kuwa hayakuwa ya uongo. Alikuwa msusi kwenye saluni ya Fortunata, na mkono wake ulijulikana. Kina mama wa Kizambia walivuka mpaka, wakapita viti vya wenzake wote hadi kwake. "Bamayo, mama, nakutaka wewe," walimwambia. Naye aliwajibu, "Nendeni kwa yule dada, anajua zaidi." Yule dada alipokea, akacheka. Atupele alibaki kufumua na kufagia, na jioni uji wa Witness ukawa mwepesi hata unaona chini ya kikombe. Miaka yote ya ndoa Edson alimwuliza, "Nani mwingine angekuchukua wewe?" Edson aliondoka, swali akaliacha. Kila asubuhi Atupele alijiuliza mwenyewe.

"Shangazi," alinong'ona penye upenyo wa pazia, "mwambie baba nipo chini ya miguu yake. Asinichukulie mwanangu. Nitakufa humu ndani."

Tabita alisafisha koo. "Kaka, anasema anashukuru. Anaomba tu amfungashie nguo."

Atupele alidhani masikio yamemdanganya. "Shangazi, sikusema hivyo."

"Najua." Tabita alisema chini chini, wala si kwa ubaya. "Nakusitiri, mwanangu. Nikiyafikisha yalivyo, ataona huna adabu. Halafu jiangalie mwenyewe. Utamlea na nini?"

Na hata hapo, Atupele alitikisa kichwa kukubali. Pengine shangazi alimjua kuliko alivyojijua. Mikono ikaanza kukunja kigauni, machozi yakidondokea kitambaa.

Upande wa pili Tabita alikuwa akimvalisha mtoto viatu. "Nywele zimekaa vizuri. Nani kakusuka?"

"Mama."

"Mama huyu huyu?"

"Eeh. Watu wanatoka Zambia kumfuata mama. Yeye anawafukuza."

Kigauni kilimponyoka Atupele. Aliusikia mlango ukifunguliwa. Alivuta khanga mpaka puani, akageuka, akatoka nyuma ya pazia kinyumenyume, mgongo mbele.

"We, umerukwa na akili?" Tabita alimaka.

"Tabita, nani huyo?" Mzee alijifunika uso kwa kofia.

"Mkweo, kaka. Anarudi nyuma kama lori pale foleni."

"Baba," Atupele alisema, akitazama pazia, "shangazi hakukufikishia. Mimi sikushukuru. Mtoto simtoi."

Mkono wa Witness ulipapasa, ukaingia ndani ya wake.

"Tabita, mwulize atamlisha nini."

Tabita alifungua kinywa, lakini Atupele alimtangulia. "Nimesikia, baba. Amekonda kwa kosa langu. Mikono inajua kazi, ila kazi yangu nilikuwa nawagawia wengine, najiona sistahili. Kesho mteja akinitaka mimi, nitamkalisha."

"Na siku zote ulikuwa wapi?" Mzee alisahau kupitia kwa dada yake.

"Nilikuwa naogopa, baba. Hata sasa naogopa."

Mzee alihema. Waliendelea kusimama hivyo, kila mmoja kampa mwenzake mgongo.

"Tabita," alisema hatimaye, "mwambie tukishavuna mahindi nitarudi. Nikimkuta mtoto yuko hivi hivi, sitauliza mtu."

"Karibu, baba. Utatukuta."

Mzee aliondoka akiambaa na ukuta, kofia usoni. Tabita alimfuata, akiguna. "Sasa mimi nililetwa kufanya nini?"

Atupele aliketi sakafuni, akajikunyata ndani ya khanga. Ndani hamkuwa na sukari, na mahindi shambani yalishaanza kukauka, mavuno hayakuwa mbali.

Witness alimfunua khanga. "Mama, babu amekupiga?"

"Hapana," alisema. "Nimemkatalia."