Mguu Chini Vosseberg

Tangu Veerle ashuke kwenye treni pale Geraardsbergen, mji wa kwao huko Flandria, hakuna aliyempa nafasi ya kuona njaa. Alikuwa ameishi Oslo miaka mingi kiasi cha kusahau jinsi watu wa kwao wanavyomlisha mgeni, na wifi yake Martine alikusudia kumkumbusha. Nyama iliyopikwa kwa bia nyeusi hadi ikalainika, chipsi zilizokaangwa mara mbili kwa mafuta ya ng'ombe, pai za maziwa ya mgando zikiwa bado moto, kisha bia, kisha kipande kingine cha pai, eti kwa sababu bia haikai vizuri tumboni peke yake. Mla ni mla leo, Veerle akajiambia, akafungua kifungo cha suruali.

Lakini alikuwa mtoto wa nyumba ya waendesha baiskeli, na nafsi ilimsuta. Kwa hiyo wiki nzima aliiba muda. Aliiba kabla ya kifungua kinywa, akaiba tena kati ya chakula cha mchana na kahawa, akatoka na baiskeli ya zamani ya Martine kando ya mto Dender huku tumbo likimlalamikia. Kila akirudi alimkuta Martine mlangoni na sahani mkononi.

"Wifi, unakikimbia chakula changu?"

"Nakitafutia nafasi, wifi."

Jumapili haikuhitaji kuibwa. Jumapili ya mwisho ya msimu, klabu ya baiskeli ya kaka yake Ivo hupanda Vosseberg, kilima chembamba cha mawe ambacho hata mbuzi angekifikiria mara mbili. Sheria ni moja tu. Atakayeweka mguu chini kabla ya kufika kwenye kanisa dogo la kileleni atavaa aproni na kuwahudumia wenzake kahawa mchana kutwa mbele ya wake zao, na atachekwa mpaka msimu ujao. Ivo, nahodha wa klabu, hajawahi kuivaa. Mtu wa nje ataona ni mchezo wa watoto, na aone. Wako wanaume wa huku walioachwa na wake zao wakasahau, lakini aproni hawajaisahau.

Walitoka asubuhi na upepo wa ubavuni, watu ishirini na ushei. Mwanzoni Ivo alikuwa mbele akiwakinga wenzake upepo. Baada ya kijiji cha pili Veerle akaona ajabu: kaka yake anarudi nyuma, mtu mmoja mmoja akimpita, mpaka wakawa bega kwa bega kwenye mkia wa kundi. Midomo yake ilikuwa imepauka. Mkono wa kushoto ulikuwa umeachia usukani, umetulia kifuani.

"Una nini?"

"Sijalala vizuri."

"Kaka, usinifanye mtoto."

Ivo akatazama mbele, akahakikisha mzee Fons, mwenye mdomo kuliko wote, hasikii. "Mishipa ya moyo," akasema. "Mmoja umeziba, mwingine uko njiani. Alhamisi nakwenda kuzibuliwa. Daktari kasema baiskeli sawa, lakini polepole, tena tambarare. Kilima nisikiguse."

Veerle akasogeza baiskeli karibu naye. "Martine anajua?"

"Martine akijua, baiskeli hii itakuwa imeuzwa kabla ya chakula cha jioni."

"Basi rudi. Rudi sasa hivi."

"Mbele ya Fons?"

"Sema gurudumu limepasuka."

"Kila mtu hapa ana mpira wa akiba mfukoni. Watanibadilishia hata kabla sijashuka."

"Nitawaambia mimi."

Ivo akamgeukia, na macho yake hayakuwa na mzaha. "Thubutu, halafu usikanyage tena kwangu. Na nitapanda vilevile, tena kwa hasira. Ni mara hii tu, mdogo wangu. Baada ya Alhamisi nani ajuaye kama nitapanda tena?"

Sikio la kufa halisikii dawa, na sikio la mwanamume wa Flandria aliye juu ya baiskeli halisikii hata radi. Veerle alimjua. Akipayuka, atamwongezea mbio. Akinyamaza, baada ya nusu saa watamwokota juu ya mawe. Aliogopa, akamkasirikia, akampenda, yote kwa pamoja, na miguu ikiendelea kuzunguka.

Ndipo akakumbuka kitu ambacho kila mtu wa huku anakijua tangu utotoni. Katikati ya Vosseberg kingo za udongo zinabana njia pande zote mbili, na mitaro imejaa matope na majani. Panapopitika ni uti wa mgongo wa mawe tu, upana wa baiskeli moja. Mmoja akisimama pale, wote walio nyuma yake wanasimama, na mteremko haumruhusu mtu kuanza upya. Ndiyo maana wageni na walio dhaifu hupanda mwisho. Mgeni anayejipenyeza mbele kisha akasimama amefanya jambo ambalo halisameheki hapa.

Kwenye kona yenye kinu cha upepo, chini ya kilima, Ivo alisogea mbele, kama nahodha anavyopaswa. Veerle akainuka kwenye kiti, akamfuata.

Mapaja yake yalikuwa mazito kama magunia ya viazi. Wiki nzima ya mafuta na bia ilimpanda kooni. Akampita wa kwanza, akampita wa tano.

"We Veerle!" Fons akapiga kelele. "Rudi nyuma na hizo pai zako!"

Hakumjibu, pumzi hakuwa nayo. Aliona mgongo wa kaka yake ukikaribia, ukakwama, ukakaribia tena, na pale lami ilipoisha na jiwe la kwanza kugonga gurudumu, akampita kwa kumsukuma kidogo kwa bega.

"Unafanya nini?"

"Napanda!"

Mawe yakaanza kuwatikisa meno. Kingo zikapanda kushoto na kulia. Nyuma yake alisikia pumzi ya Ivo, fupi, yenye mluzi ndani. Kila alipopunguza mwendo kaka mtu alifoka, "Kanyaga! Kanyaga, Veerle!" Naye alikanyaga, maana njia ilikuwa bado pana. Akisimama mapema atapitwa kando. Akichelewa itakuwaje? Jiwe baada ya jiwe alijiuliza hilo, na njia ikazidi kubana, hadi ghafla hakusikia tena mluzi wala kufoka.

Veerle akashika breki, akaweka mguu chini.

Gurudumu la Ivo likamgonga kwa nyuma. Akasikia kiatu cha kaka yake kikichomoka kwenye pedali na kugonga jiwe, kisha cha mwingine, na mwingine, mlio ukiteremka kilima pamoja na matusi.

"Nani huyo?"

"Mgeni! Mgeni katuziba!"

"Anakula wiki nzima halafu anakuja kutuvisha aproni!" Fons alikuwa mwekundu. "Miaka yote hii! Sote! Kwa ajili ya tumbo la mwanamke mmoja!"

Neno moja tu lingemtoa Veerle kwenye aibu. Hakulisema. Alimtazama Ivo, aliyeinamisha paji la uso juu ya usukani.

"Hukuchoka," Ivo akasema chini kwa chini.

"Hapana."

"Ungefika juu."

"Ningefika."

Ivo akamtazama kwa chuki ambayo Veerle hakuwahi kumwona nayo. Akainua mguu apande tena baiskeli. Mguu haukufika. Akajaribu tena, akashindwa, kisha akakaa kwenye ukingo, juu ya majani yaliyolowa, na mkono ukaenda kifuani mbele ya wanaume wote wale.

Fons akaiachia baiskeli yake ianguke juu ya mawe, baiskeli asiyoruhusu hata mkewe aiguse, akaanza kuita gari la wagonjwa kwa simu.

Veerle alipiga magoti, akaushika mkono wa kaka yake. Ulikuwa na jasho la baridi.

"Mpigie wifi yako," Ivo akasema.

Akampigia. Jikoni sahani zilikuwa zikigongana. "Mmeshafika juu?" Martine akauliza kwa furaha. "Nyama inawasubiri."

Ivo akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Martine," akasema, "nimeweka mguu chini."

Sahani zikakoma. Martine hakucheka, wala hakuuliza kwa nini.

"Usiinuke hapo," akasema. "Nakuja."